Je, Wajua? Gari la Kale, Kutoka Nyakoe Hadi Ngong

Je, wajua kwamba safari ndefu ya kwanza ya gari la petroli duniani ilifanywa na mama na wanawe wawili, tena bila baba mwenye nyumba kujua? Mwezi Agosti 1888, Bertha Benz aliwachukua Eugen, miaka 15, na Richard, miaka 13, wakalitoa gari la magurudumu matatu lililobuniwa na mumewe Carl, wakaondoka Mannheim kwenda Pforzheim kumwona nyanya wa watoto. Ni kilomita 106 hivi. Mtu wa Nyakoe, huku Kisii, angesema ni kama kutoka Kisii mjini hadi Kisumu. Mrija wa mafuta ulipoziba, Bertha aliuzibua kwa pini ya kofia. Waya ulipochubuka, aliufunika kwa ukanda wa soksi. Breki zilipolika, alimtafuta fundi viatu akazipigilia ngozi. Vituo vya petroli havikuwepo, kwa hiyo mafuta waliyanunua kwa mwuza dawa katika mji wa Wiesloch. Mlima ulipokuwa mkali, vijana walishuka wakasukuma.

Mwenye gari kuukuu hatashangaa sana. Mpaka leo safari yake ni ileile: mama anaamua, watoto wanasukuma, na kifaa cha kuokoa jahazi hakitoki kwenye sanduku la spana.

Je, wajua gari huitwa la kale lini? FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa mwaka 1966, linataka gari liwe limetimiza angalau miaka 30, litunzwe katika hali yake ya asili, na lisiwe usafiri wa kila siku. Sharti la tatu ndilo linalowaponza wengi huku kwetu. Pickup ya 1978 inayobeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni kila alfajiri, hata kama imepita umri na ina rangi ya kiwandani, FIVA haina habari nayo.

Kwa Kenya kuna kipimo kingine cha haraka zaidi, nacho hakihitaji shirikisho. Tazama namba. Mfumo wa kuweka herufi moja mwishoni, baada ya tarakimu, ulianza mwaka 1989. Ukikutana na gari lenye herufi tatu na tarakimu basi, bila mkia, ujue lilikuwa barabarani kabla ya hapo. Magari ya aina hiyo hayaongezeki. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kwa hiyo anayetamani Peugeot au Morris ya miaka ya sitini hana haja ya kuangalia minada ya Japani. Hazina imo humuhumu nchini: nyuma ya ghala, chini ya mwembe, kando ya boma ambapo kuku wamelifanya buti kuwa kiota.

Je, wajua kwamba Peugeot iliendelea kuzaliwa Kenya baada ya kufa kwao? Peugeot 404, iliyochorwa na Pininfarina na kuanza kuuzwa mwaka 1960, ilikoma kutengenezwa Ufaransa mwaka 1975. Afrika ilibaki ikiiunganisha kwa miaka mingi zaidi. Mdogo wake, 504, ilitoka mwaka 1968, ikatajwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya mwaka 1969, na saluni yake ikaachwa Ufaransa mwaka 1983. Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, 504 ziliendelea kuunganishwa mpaka miaka ya mwanzo ya 2000. Ndiyo maana Mkenya wa rika fulani akisema "Peugeot" huwa hamaanishi gari la Kifaransa. Anamaanisha gari la mwalimu mkuu, la daktari wa wilaya, la teksi ya masafa marefu yenye safu tatu za viti, abiria wakibanana na mbuzi juu ya keria.

Ile 504 ya stesheni wagoni ilihimili hayo yote kwa sababu inayoonekana ukiinama tu: nyuma ina springi nne, mbili kila upande. Mtoto akitaka kujua kwa nini gari la babu lilibeba magunia bila kukaa chini, mwonyeshe hapo.

Kwenye mbio za magari za Safari Rally, 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mwaka wa kwanza na wa mwisho kati ya hiyo, yaliyofika mwisho yalikuwa magari saba tu kila mara. Dereva mshindi alikuwa yuleyule, Nick Nowicki. Safari za 1966 na 1967 zilichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotokea Tanzania.

Lakini hadithi ya mbio hizo inayofaa kusimuliwa mbele ya watoto gereji ni ya mwaka 1965, na mwenyewe alizaliwa jirani.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, upande wa pili wa mpaka wa Nyamira wa leo. Baba yake alikuwa na gereji, naye akaanza maisha akiwa makanika humo. Baadaye akawa mtumishi wa kwanza wa doria wa Chama cha Magari cha Afrika Mashariki, yaani yule anayezunguka barabarani akiwakwamua waliogomewa na magari. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1919 na Lionel Galton-Fenzi, ambaye mwaka 1926 alilipitisha gari lake aina ya Riley porini kutoka Nairobi mpaka Mombasa wakati hakukuwa na barabara ya kuitwa barabara. Nguzo ya kumbukumbu yake ingali imesimama kwenye Kenyatta Avenue jijini Nairobi, na wengi huipita kila siku wakiwaza mambo mengine.

Turudi kwa Joginder. Kampuni ya Volvo ilileta magari yake kwenye Safari ya 1964, ikashindwa. Gari moja lililobaki Kenya, Volvo PV544 lililokwisha kuchapwa, lilinunuliwa na Joginder na ndugu yake Jaswant. Walilifungua, wakalikarabati wenyewe, wakaliingiza kwenye Safari ya 1965. Kura iliwapa namba 1. Walianza wa kwanza na wakamaliza wa kwanza, wakiziacha nyuma timu za viwanda zilizokuja na magari mapya na mafundi wa kulipwa. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi. Katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19, na mimi naiona hesabu hiyo kuwa kubwa kuliko ushindi wenyewe. Kushinda kunahitaji bahati kidogo. Kufika mara 19 katika 22, kwenye tope lile la zamani, ni kazi ya mtu anayeisikia boliti iliyolegea kabla haijadondoka.

Volvo hiyohiyo ina jambo jingine la kumhusu mzazi. PV544 ni mojawapo ya magari mawili ya kwanza duniani kuuzwa yakiwa na mkanda wa usalama wa pointi tatu, uliobuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959. Magari mengi mengine ya enzi zile hayakuwa na mkanda wowote, na kiti cha nyuma kilikuwa benchi la kutelezea. Hapa nasimama kidete: uasilia una mipaka yake. Jaji wa maonyesho akikupunguzia alama kwa sababu umefunga mikanda kwenye Morris ya 1958, mpe tabasamu. Funga mikanda, na uifunge kwenye chuma kizima, wala si kwenye sakafu iliyoliwa na kutu ikapakwa rangi.

Je, wajua kwamba baba na mwana wamewahi kushinda Safari wakiwa gari moja, la kale? Mwaka 2003, katika kuadhimisha miaka 50 tangu mbio za kwanza za 1953, yalianzishwa mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic. Mwaka 2007 yalichukuliwa na Björn Waldegård wa Uswidi akiwa na Ford Escort, na aliyekuwa kando yake akisoma ramani ni mwanawe Mathias. Wakarudia mwaka 2011 kwa Porsche 911. Kijana wako akikuambia hajui kusoma ramani, mpe mfano huo kabla hujampa simu.

Sasa tupande milima, kwa maana gari la kale hufunzwa adabu na mahali linapoishi, na Gusii, eneo la Kisii na Nyamira, ni mwalimu mkali.

Je, wajua kwamba maji huchemka mapema Kisii kuliko Mombasa? Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban digrii moja. Kisii iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuria huko huchemka yakifika digrii 94. Rejeta ya gari huokolewa na kifuniko chake, ambacho hubana mvuke na kuyafanya maji yastahimili zaidi ya digrii 100. Springi ya kifuniko ikichoka, au mpira wake ukipasuka, gari la kale huchemsha kwenye kilima ambacho jana lilikipanda vizuri, na mwenye gari huanza kushuku gasketi, pampu, hata majirani. Kifuniko kipya ni bei ndogo sana ukilinganisha na kufungua kichwa cha injini. Na usikifungue kikiwa moto. Hilo hata watoto wafundishwe kabla ya jambo lingine lolote.

Peugeot 404 ilikuwa na werevu wake hapo. Feni yake haizunguki muda wote. Hushikwa na sumaku ya umeme pale tu maji yanapopata moto wa kutosha, kisha huachiwa. Mafundi wengi, nyaya zilipoanza kusumbua, waliifunga feni moja kwa moja kwa boliti ili iwe inazunguka daima, na ukinunua 404 leo kuna uwezekano mkubwa ukute imefungwa hivyo. Inafanya kazi, ila inakunyang'anya nguvu kidogo kwenye mlima, mahali ambapo hukuwa na nguvu za kugawa.

Maana nguvu zenyewe zimepungua kabla hujaanza. Hewa ya mita 1,700 ni nyepesi kwa takriban moja ya sita kuliko ya pwani, na injini ya kabureta haina akili ya kompyuta ya kupunguza petroli ilingane na hewa hiyo. Inapewa chakula cha Mombasa huku ikipumua hewa ya Kisii. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi na kiu ya ajabu. Dawa iko ndani ya kabureta: kijitundu cha shaba kinachopitisha petroli, ambacho hubadilishwa kwa kingine chembamba zaidi. Fundi asiyejua hilo atakusafishia plagi kila mwezi mpaka mzoeane. Chomoa plagi mwenyewe, mkae nayo mezani na watoto: ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni njema, nyeusi yenye unga inasema petroli imezidi, nyeupe kama chokaa inasema imepungua na injini inaungua.

Na kama familia haitaki habari za rejeta kabisa, kuna Volkswagen Beetle, ambayo hupozwa kwa upepo tu. Haina maji, haina rejeta, wala haina chujio la oili la kubadilisha. Ina wavu mdogo wa kusafisha na lita mbili na nusu za oili. Kwa mtoto wa miaka 12 anayejifunza sevisi, sijui gari bora zaidi. Beetle ya mwisho ilitengenezwa Mexico mwaka 2003, baada ya zaidi ya milioni 21.

Kuteremka nako kuna hesabu zake. Oili ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na maji yakishaingia, oili huchemka mapema breki zinapopata moto. Ukiwa umeshuka kilima kirefu huku mguu u juu ya breki, pedali inaweza kuzama ghafla kana kwamba hakuna kitu chini yake. Nyanda za Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, kwa hiyo unyevu si wa kuutafuta. Badilisha oili hiyo kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutembea, na uteremke kwa gia ileile ambayo ungepandia. Wazee wa malori walijua hilo bila kusoma popote.

Mvua inaleta kutu, na hapo Land Rover za zamani zina sifa ya pekee. Zilipoanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndipo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Uhaba ule ukawa baraka kwa nchi za mvua: milango na mabawa ya Land Rover yenye miaka 60 bado ni mazima. Ila fremu ni chuma, nayo huoza kutoka ndani ikiwa bado inameta kwa nje. Kabla ya kununua, piga fremu kwa nyundo ndogo usikilize. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza.

Je, wajua kwamba kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita nzima ya maji? Hutoka kama mvuke kwenye eksozi. Gari likitembea mpaka lipate moto, mvuke hupotea hewani. Likiwashwa dakika tano uani ili "betri isife", maji hubaki ndani ya silensa na ndani ya oili, yakila chuma polepole. Kwa hiyo ile desturi ya kuliwasha gari la marehemu babu kila Jumapili, likatetema kidogo na kuzimwa, inaliua. Heri kuliacha kabisa kuliko hivyo, na heri zaidi kulitoa. Nyakoe iko kando ya barabara ya A1, ile inayotoka Isebania kupitia Kisii mpaka Ahero, na ukiteremka hadi Oyugis ukarudi, injini imepata moto wa kutosha, giaboksi imelainika na breki zimekumbuka kazi yake. Kwa kuwa Wasabato ni wengi Gusii, ratiba hujipanga yenyewe: Jumamosi gari linapeleka watu kanisani, Jumapili boneti inafunguliwa.

Ukilitoa, angalia tairi kwa jicho lingine. Gari lisilotembea sana halifikii kumaliza kashata za tairi. Tairi hufa kwa uzee zikiwa bado zinaonekana mpya. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hiyo ilitengenezwa kabla ya 2000, na kazi iliyobaki nayo ni kupandia maua.

Je, wajua kwamba petroli ya babu haiuzwi tena popote duniani? Tangu miaka ya 1920 petroli ilitiwa risasi, ambayo pamoja na sumu yake ilikuwa na faida moja ya kulinda vikalio vya valvu. Kenya iliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na mwezi Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba nchi ya mwisho, Algeria, nayo imeacha. Gari lenye kichwa cha injini cha chuma, kama Morris Minor, linaweza kulika vikalio polepole kwa petroli ya leo, hasa likikimbizwa. Kichwa kikifunguliwa, karakana ya kuchonga injini hutia vikalio vigumu na shauri linaisha. Peugeot 404 na 504, zenye vichwa vya alumini, zilikuwa na vikalio vya kupachikwa tangu kiwandani, kwa hiyo wenye Peugeot wanaweza kuruka aya hii.

Ila wasiruke inayofuata. Difu ya 404 haina meno ya kawaida. Ina gia ya parafujo inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, na kiwanda kilitaka ilainishwe kwa oili yenye asili ya mbarika. Naam, mbarika uleule unaoota wenyewe kandokando ya mashamba. Usikimbilie kukamua mbegu: oili ya difu huchanganywa kiwandani na viungo vingine. Wala usiongeze oili ya kawaida juu ya ile ya mbarika, maana hazipatani. Fundi akikuambia oili ni oili, mshukuru, umlipe nauli, utafute mwingine.

Je, wajua kwamba Nairobi ina maonyesho ya magari ya aina hii tangu 1970? Ni Africa Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo nchini Kenya, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Majaji hutazama bodi, injini, ndani ya gari, mpaka uvunguni, na familia nzima huonekana na vitambaa na miswaki wakifukuza vumbi la mwisho. Kutoka Nyakoe mpaka Ngong ni zaidi ya kilomita 300, na anayefika huko kwa magurudumu ya gari lenyewe, bila kulipakia kwenye lori, kwangu mimi amekwisha kupata alama zake.

Na Kenya yenyewe iliwahi kuwa na gari lake. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, na mwaka 1990 likazinduliwa, likiitwa Nyayo Pioneer. Yalitengenezwa matano ya majaribio, yakafikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa, na hayakuwahi kuingia sokoni. Kwa kipimo cha FIVA cha miaka 30, yalitimiza umri wa gari la kale mwaka 2020. Sharti la kutotumika kama usafiri wa kila siku yamelitimiza tangu siku ya kwanza.